Masika ya Kukaa Chini

Machi 4, Jumanne

Maumivu: manne kwa kumi.

Kituoni tumeambiwa tuandike tarakimu ya maumivu tu, lakini daftari lina kurasa mia moja na mimi sina tabia ya kuacha nafasi wazi. Nitaandika Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishwa nayo kushika kalamu kule Karagwe, kabla wazazi hawajaturudisha Rwanda nikiwa na miaka kumi na miwili.

Naitwa Mugeni, nina miaka arobaini na mmoja. Kwa miaka kumi na minne nimefundisha watu kuendesha magari. Kama Kigali kuna dereva anayefunga mkanda kabla hata ya kugusa ufunguo, huenda alipita mikononi mwangu na bado ananiogopa. Septemba iliyopita nilipanda pikipiki nimpelekee mume wangu, Bernard, miwani aliyoisahau nyumbani. Njia panda ya kutokea Kabeza, lori la mchanga halikutusubiri. Mwenye pikipiki alivunjika mkono. Mimi nilikatwa mguu wa kulia, chini kidogo ya goti.

Leo nimeanza kituo cha mazoezi ya viungo cha Kagugu, Jumanne na Ijumaa hadi mwisho wa Mei, kwa amri ya daktari. Nilitegemea mashine za mazoezi. Nimekuta mpira. Watu wazima na heshima zao wamekaa sakafuni, wengine wamevua miguu bandia na kuipanga ukutani kama viatu vya msikitini, wanapigiana mpira juu ya wavu mfupi.

Anayesimamia ni Praxeda, mwanamke wa Bukoba, mnene, mwenye filimbi shingoni. Kazi yake ni kuwatibu watu kwa michezo.

"Karibu, mgeni," akaniambia.

"Si mgeni. Ni Mugeni. Kwa Kinyarwanda ni bibi harusi."

"Basi bibi harusi, vua mguu, keti."

Nikamjibu kwamba mguu wangu hauvuliwi mbele ya watu. Nikavuta kiti, nikajipa kazi ya kuhesabu pointi.

Machi 7, Ijumaa

Maumivu: matatu. Nimehesabu pointi. Mvua.

Machi 11, Jumanne

Nimehesabu pointi tena, na kwa kuwa nina macho, nimewasoma wachezaji.

Mutsinzi ni mzee aliyelinda maghala maisha yake yote mpaka sukari ikamla mguu. Anacheza vibaya na anacheka vizuri. Kaliza ni mshonaji, cherehani yake iko Nyabugogo karibu na stendi ya mabasi. Ni kiziwi tangu utotoni, na mguu wake wa kushoto uliishia chini ya gari lililokuwa likirudi nyuma. Huyo anacheza kuliko wote. Mpira ukivuka wavu yeye ameshafika.

Praxeda aliponisimulia habari ya lile gari, nilisema moyoni: hakutazama. Ndivyo ninavyowaza kila nikisikia ajali ya mtembea kwa miguu. Ni mazoea ya kazi.

Machi 14, Ijumaa

Shyaka, mwenye shule yetu ya udereva, amepiga simu. Amekuwa muungwana, sina la kumlaumu. Nafasi yangu anaishikilia hadi mwanzoni mwa Juni. Kisha akakohoa.

"Mwalimu, na ile breki?"

Gari la kufundishia lina breki ya pili, chini ya miguu ya mwalimu. Mwanafunzi akipotea, mwalimu ndiye anayeokoa watu. Miaka yote niliikanyaga kwa mguu wa kulia bila kufikiri.

"Nitaikanyaga," nikamwambia.

Nilimweleza Praxeda nikitegemea anipe zoezi la maana. Aliitoa filimbi mdomoni.

"Dada Mugeni, wiki mbili umekaa kitini. Nani kakwambia kiti kitakufundisha kukanyaga breki? Mtu akikatwa mguu, mwili wote unapoteza mizani, halafu anaanza kufikiria kila anachofanya. Anafikiria kugeuka, anafikiria kuinama. Mpira hausubiri mtu afikiri. Ndiyo maana tunacheza."

"Kwa hiyo hii ni dawa?"

"Dawa gani nyingine unayoijua inayowafanya watu wacheke wakiinywa?"

Nikarudi kwenye kiti changu cha pointi.

Machi 18, Jumanne

Nimevua.

Nilifanya haraka, kama mtu anayejitosa kwenye maji baridi. Nikauvuta mguu, nikavua soksi, kigutu kikatoka hadharani, chekundu, chenye mshono wake unaofanana na mdomo uliofumba. Nilikuwa tayari kumrarua yeyote atakayenionea huruma.

Mutsinzi akauinua mguu wangu wa bandia, akaukagua kama mtu anayenunua kuku.

"Mama, hii mguu iko mzuri sana. Iko na kiatu kabisa! Yangu iko kama mguu ya meza."

Nikacheka mpaka nikajishika tumbo. Halafu nikacheza, na nikacheza vibaya kuliko mtu yeyote katika historia ya kituo. Sheria ni moja kubwa: unapoupiga mpira, makalio yasiachane na sakafu. Yangu yaliachana kila mara. "Makalio, bibi harusi!" Praxeda akipuliza filimbi. "Makalio!"

Maumivu: sikukumbuka kuyapima.

Machi 21, Ijumaa

Mvua ya leo ilikuwa ya kuangusha milima. Paa la ukumbi ni la mabati, na ilipopiga hatukusikia tena kitu. Praxeda alipuliza filimbi tukaona mashavu yake yamevimba tu. Mimi nilikuwa nimeanza kuwapanga watu kwa sauti, maana sauti ndiyo mali yangu, lakini nilipaza mpaka koo likauma na hakuna aliyegeuka. Mutsinzi na mimi tuliufuata mpira mmoja, tukagongana vichwa.

Ndipo Kaliza akajiburuta mpaka katikati. Akapiga sakafu kwa kiganja mara mbili, tukauhisi mtikisiko makalioni, wote tukamtazama. Akatuonyesha: kidole kifuani, mpira ni wangu. Kiganja wazi kwako, ni wako. Ngumi juu, rudi nyuma. Dakika tano tu. Tukaendelea kucheza, na kwa mara ya kwanza mpira ulivuka wavu mara kumi na moja bila kuanguka.

Sikupenda kuamrishwa. Naandika ukweli. Lakini kwa mara ya kwanza nilijua mpira unakwenda wapi kabla haujafika, kwa sababu nilikuwa namtazama mtu badala ya kumpigia kelele.

Machi 25, Jumanne

Mvua ilituzuia mlangoni baada ya mazoezi, mimi na Kaliza. Tuliongea kwa simu yake: anaandika, nasoma, naandika, anasoma. Nilimuuliza kuhusu lile gari. Sijui kwa nini niliuliza. Labda nilitaka kuthibitisha.

Aliandika: "Nilikuwa nimebeba vitambaa. Gari lilikuwa limeegeshwa. Likarudi nyuma."

Nikaandika: "Dereva hakukuona?"

"Hakutazama. Aliwaambia polisi alipiga honi mara tatu. Watu wote wakasema kweli, tulisikia honi. Wakaniuliza mimi kwa nini sikuondoka."

Alinionyesha hayo akitabasamu, kama mtu anayesimulia ujinga wa jirani. Mimi sikuweza kutabasamu. Miaka kumi na minne nimewaambia wanafunzi: ukirudi nyuma, piga honi. Nimewapa alama kwa honi hiyo. Nimewaambia honi ni adabu. Sikuwahi kuwaambia kwamba barabarani kuna mtu ambaye kwake honi haipo, na kwamba kupiga honi si kutazama.

Na wiki mbili zilizopita niliandika humu kwamba yeye ndiye hakutazama. Nimerudi ukurasa ule nikausoma. Siufuti. Ukae hapo unitazame.

Machi 28, Ijumaa

Mazoezi mazuri. Makalio yametulia.

Sasa la nyumbani, maana nimekuwa nikilikwepa. Bernard hanitazami.

Ni mpima ardhi, mtu wa maneno machache tangu nimjue, lakini zamani macho yake yalisema kwa niaba yake. Tangu nitoke hospitali analala sebuleni. "Nisije nikakugonga mguu," alisema. Ananipikia, ananipigia pasi nguo, ananisogezea kila kitu. Lakini akiongea nami anatazama ukuta, au sufuria, au karatasi aliyoisogeza karibu na pua. Nikivua mguu bandia anatoka nje kuangalia mvua.

Nimefundisha wanaume mia tano kupaki gari. Najua mtu anayeogopa kutazama kioo. Bernard kigutu changu kinamchefua. Ni bora kuliandika hivyo kuliko kulizungusha.

Aprili 7, Jumatatu

Wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari imeanza. Mji umenyamaza. Kituo kimesimamisha michezo, na ndivyo inavyopaswa.

Aprili 15, Jumanne

Tumerudi. Mwili umekakamaa kama mlango uliolowa mvua. Maumivu: mawili.

Aprili 22, Jumanne

Praxeda amenitengenezea breki. Ubao, na chini yake kipande kigumu cha mpira cha kuusukuma urudi juu. Nakaa kitini kama ndani ya gari, mguu wa kushoto tayari, na Kaliza anasimama mbele yangu na mpira. Anauachia bila kunionya. Lazima nikanyage ubao kabla mpira haujagusa sakafu.

Mara ishirini za kwanza nilikosa zote. Mguu wa kulia ndio uliotangulia, ule usiokuwepo. Niliuhisi kabisa ukinyanyuka, vidole na kisigino. Kaliza akaja, akanigusa goti la kushoto, akaligonga kidogo kama anayebisha hodi. Akarudi mahali pake.

Kufikia mwisho: kumi na tatu kati ya ishirini.

"Mwalimu wako ni mkali kuliko wewe," Mutsinzi alisema. "Hata haiko na kelele!"

Aprili 25, Ijumaa

Bernard alikuja Kagugu.

Hakuniambia. Mvua ilikuwa imekatika na tulikuwa katika seti ya pili. Nilikuwa sakafuni upande wa kushoto wa wavu, kaptura ya Praxeda imenifika magotini, kigutu nje, jasho, nywele zimesimama. Kaliza aliniinulia mpira juu, mzuri, na nikaupiga chini kwa nguvu zangu zote. Pointi. Nikapiga kelele kama mtoto, nikageuka nicheke na mtu, na mlangoni nikamwona Bernard ameshika mwavuli.

Kwa mara ya kwanza tangu Septemba alikuwa ananitazama. Kigutu, kaptura, vyote. Uso wake ukakunjamana, akageuka, akaenda. Aliuacha mwavuli umeegemea mlango.

Nikaomba tuendelee. Tukaendelea. Nilikosa mipira sita mfululizo, na hakuna aliyenipigia filimbi.

Aprili 26, Jumamosi

Asubuhi ilikuwa umuganda, kazi ya jumuiya. Bernard alichukua jembe akaenda na wenzake kuzibua mifereji ya mtaa. Nilibaki nikijipanga. Niliamua sitalia na sitauliza kwa upole. Nilivua mguu bandia, nikauweka juu ya meza ya kulia chakula, nikavaa kaptura, nikakaa kitini nikitazama mlango.

Alirudi saa tano, matope hadi magotini. Akaniona. Macho yakakimbilia ukutani.

"Tazama," nikamwambia.

"Mugeni, ngoja ninawe."

"Utanawa baadaye. Jana ulitazama, ukakimbia. Leo tazama na useme. Kama kinakuchefua, sema kinakuchefua. Mimi nimekaa nacho miezi saba, sitakufa kwa neno."

Aliweka jembe chini polepole. Alikaa palepale kizingitini.

"Kinichefue?" akasema. "Unafikiri ni hivyo?"

"Unalala sebuleni. Unaongea na masufuria. Nifikiri nini?"

Aliinuka kizingitini. Kisha akaingia chumbani, nikasikia droo. Alirudi na mfuko wa plastiki wa hospitali, ule waliomkabidhi vitu vyangu siku ile. Sikuwahi kuuliza ulikwenda wapi. Akautoa mkoba wangu mdogo, na ndani ya mkoba akatoa miwani yake. Nzima. Hata mkwaruzo haikuwa nao.

"Ningeweza kuvumilia siku moja bila miwani," alisema. "Nilikuwa na ramani mbili tu za kusoma. Nilikupigia simu kwa uvivu. Ukasema kuna mawingu, nikakwambia pikipiki ni dakika kumi. Lori likakupita juu, na hii haikupata hata mkwaruzo. Nitaivaaje, Mugeni? Niivae nikutazame nayo?"

Ndipo nikaelewa zile karatasi puani. Alikuwa haoni. Miezi saba mume wangu amekuwa akipima mashamba ya watu kwa kufinya macho, na mimi kila alipoyafinya nilisoma hukumu juu yangu.

"Na jana?" nikauliza. Sauti yangu haikuwa tena ile niliyoipanga.

"Jana nilikuona unacheka. Nilidhani kicheko hicho nilikivunja pia. Nikaona nitalia mbele ya watu wako, nikaondoka."

Ningeweza kumwambia pole. Lakini mimi ni mwalimu wa udereva, na najua ajali.

"Bernard. Lile lori lilipita bila kusimama. Dereva wake hakutazama. Wewe hukuwa ndani ya lile lori. Ukijipa kosa ambalo si lako, unamfutia mwenye nalo. Sikubali."

Akaanza kulia. Nikamwacha alie, maana ilikuwa zamu yake. Mimi nililia yangu Oktoba. Alipomaliza nikanyoosha mkono, nikachukua miwani, nikaifuta kwa upindo wa fulana yangu, nikamvalisha mwenyewe. Iling'ang'ania sikio moja, kama zamani.

"Sasa tazama."

Akapiga magoti na matope yake, akatazama. Akauliza kama anaweza kushika. Nikamwambia mikono ni michafu, akanawe kwanza. Akaenda kunawa, na nikamsikia bafuni anacheka na kupenga kamasi kwa wakati mmoja.

Mei 2, Ijumaa

Maumivu: moja. Bernard amerudi kitandani. Anakoroma. Nilikuwa nimesahau.

Mei 6, Jumanne

Praxeda ana kanuni: ndugu wa mchezaji akiingia ukumbini, hakai kutazama. Kwa hiyo leo Bernard alikaa sakafuni kati ya Mutsinzi na mimi, na miguu yake miwili mirefu ikawa mzigo kwa timu nzima. Hakujua aiweke wapi. Mpira ulimpiga usoni mara mbili.

"Mzee, hiyo miguu iko mingi sana," Mutsinzi akamwambia. "Ikate moja."

Nilishtuka kidogo, nikamtazama Bernard. Alikuwa amejilaza chali, anacheka kwa sauti.

Kaliza alimfundisha ishara. Bernard ni mtu wa kimya. Alizishika zote kwa siku moja.

Mei 13, Jumanne

Ubao: kumi na tisa kati ya ishirini. Ule mmoja nilipiga chafya.

Mei 17, Jumamosi

Timu ya kituo kimoja cha Musanze imekuja. Watu wa milimani wana mabega! Tulipoteza seti ya kwanza vibaya, ishirini na tano kwa tisa. Nilitaka kuwafokea wenzangu wakati wa mapumziko. Nikaanza hata kuvuta pumzi. Kaliza alinitazama tu, akanyanyua nyusi. Nikaishusha pumzi yangu, nikamuuliza kwa mikono: tufanye nini?

Akatuonyesha. Mchezaji wao mrefu, yule wa katikati, kabla hajapiga huelekeza bega kule anakotaka mpira uende. Kaliza alikuwa ameliona tangu pointi ya tatu, akingoja mtu aulize.

Seti ya pili tulishinda, ishirini na tano kwa ishirini na mbili. Pointi ya mwisho aliipata Mutsinzi, bila kukusudia, kwa kipaji cha uso. Seti ya tatu wakatufunga, wakatushika mikono, wakala viazi vyetu vyote.

Praxeda anasema tulifungwa. Mimi nilikuwa mhesabu pointi wa kituo hiki, na ninasema tulishinda seti moja.

Mei 30, Ijumaa

Daktari amesaini. Ninaruhusiwa kazi. Praxeda alitaka kunipa cheti, nikamwambia akiweke, Jumanne nitakuwepo kama kawaida, baada ya kazi.

Siku nne hakujanyesha.

Juni 2, Jumatatu

Nimevaa suruali ya kazi na viatu viwili. Shyaka mwenyewe alinipa mwanafunzi wa kwanza, nadhani kwa makusudi: Rodney, kijana mkubwa wa Kampala anayefanya kazi benki, shingo kama gogo, ameshindwa mtihani mara mbili. Aliniona nikipanda gari kwa kuinua mguu kwa mkono. Akameza mate.

"Mwalimu, samahani. Breki yako utaikanyaga na mguu gani?"

"Wa kushoto. Ukitazama vizuri, sitauhitaji. Funga mkanda."

Tulitoka Kabeza kuelekea mteremko. Nilimsimamisha mahali penye maduka, nikamwambia arudi nyuma, aegeshe. Mkono wake ukaenda kwenye honi.

"Acha honi. Geuka. Zungusha shingo hiyo yote uliyopewa. Niambie unamwona nani."

Akageuka. "Mama mwenye ndizi. Mtu wa pikipiki. Msichana amevaa… ana kitu masikioni."

"Angekusikia?"

Akafikiri. "Hapana."

"Basi umefanya vizuri kumwona. Msubiri apite."

Alisubiri. Akaegesha, vibaya lakini salama. Tukapanda kilima, na katikati ya mlima gari likazimika, kama yanavyozimika magari yote ya wanafunzi wote duniani. Nyuma yetu kulikuwa na basi dogo limejaa watu. Rodney akaachia kila kitu, mikono na miguu, akaita mama yake. Gari likaanza kurudi.

Sikufikiri. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umeshafika.

Gari likasimama.

Dereva wa basi alikuwa karibu kiasi kwamba niliyaona meno yake kwenye kioo. Rodney alinitazama, kisha akatazama chini kwenye miguu yangu, kisha akanitazama tena.

"Washa," nikamwambia. "Tena."